Kusaini Si Kukubali

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Olenguruone nimevaa sweta mbili na bado meno yaligongana. Baridi ya milima ya Mau haina heshima kwa mtu aliyelelewa Nakuru mjini, kwenye nyumba za reli. Karani Mkuu wa halmashauri alinikabidhi rejista ya barua, muhuri wa "Imepokelewa", na onyo. "Nekesa," akasema, "hapa kazi ni tatu. Kupokea, kusajili, kunyamaza." Mbili za kwanza nilikuwa nimezijua kabla ya chai ya saa nne. Ya tatu imenishinda hadi leo, waulizeni wanangu.

Ninyi vijana mnafikiri kumbana mwanasiasa ni kumtukana kwenye simu. Haya, tukaneni. Nimefanya kazi karibu na wanasiasa miaka mingi, na sijaona hata mmoja aliyekosa usingizi kwa sababu ya matusi. Anachoogopa ni karatasi: karatasi yenye muhuri na tarehe, na mwenye nakala yake ameketi hapo nje kwenye benchi akisubiri jibu. Nitawaeleza kwa kisa kimoja, na mimi mwenyewe nimo ndani, upande mbaya.

Kutoka Olenguruone nilihamishiwa Nakuru, masijala, yaani chumba cha kutunza faili, chini ya bosi aliyetukumbusha kila asubuhi kwamba faili haipotei, inapotezwa. Serikali za kaunti zilipokuja, nikapelekwa upande wa Gilgil kwa Msimamizi wa Wadi, afisa anayeangalia kazi za kaunti mashinani. Mheshimiwa, mwakilishi wetu katika bunge la kaunti, alikuwa na afisi mlango wa pili. Sauti yake ilipita ukutani bila kubisha hodi.

Sasa, sheria inataka wananchi waulizwe kabla mradi haujapitishwa au kubadilishwa. Mkutano huo unaitwa ushirikishaji wa umma. Sisi tulibeba fomu ya mahudhurio, ile karatasi ya mistari: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Mtu akifika anasaini, anapewa soda na mkate, anakaa. Juu ya karatasi hapakuwa na kitu. Tulipaacha wazi makusudi, kichwa kiandikwe baadaye afisini. Msinitazame hivyo, ndivyo tulivyofanya.

Kijiji kimoja juu ya machimbo ya Kariandusi kilikuwa kimeahidiwa chumba cha kujifungulia kwenye dispensari yao. Msingi ulikuwa umeshachimbwa na mawe yamemwagwa. Kisha Mheshimiwa akabadili nia, akataka mradi uhamishwe, badala yake lijengwe soko kwenye senta ya kwao, pale penye maduka. Mkutano ukaitishwa kanisani. Watu walikuja, wakasaini, wakasema hapana mmoja baada ya mwingine, wakarudi nyumbani wameridhika. Kesho yake Msimamizi akaniwekea mezani kumbukumbu za mkutano, zimeshachapwa: wananchi wamekubali kwa kauli moja.

"Boss," nikamwambia, "hawa walikataa."

"Madam, hizi sahihi ni za nani?"

"Ni zao. Lakini ni za kuhudhuria."

"Si wamesaini? Si wamekula mkate? Ambatisha."

Nikaambatisha. Tena nilichukua kalamu nikaandika juu ya kila karatasi, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule ya masista: "Orodha ya wanaounga mkono." Nilijiambia mimi ni karani tu, natumwa. Nilikuwa najidanganya, na nilijua.

Wiki chache baadaye akaja Mama Wairimu, muuza karoti kando ya barabara kuu. Angekuja akipiga kelele ningejua la kufanya, lakini aliongea polepole. Binti yake, Njambi, alikuwa amempoteza mtoto wa kwanza njiani, juu ya pikipiki, akikimbizwa hospitali Gilgil na uchungu umeshamshika.

"Anataka kujaribu tena," akasema. "Nimemwambia, ngoja kile chumba kiishe. Leo fundi amekuja kubeba mawe yake, anasema sisi wenyewe tumekubali. Madam, ni nani alikubali?"

Nilifungua faili nikaigeuza upande wake. Ni haki ya mwananchi kuona, ingawa hakuna aliyewahi kuniomba. Akapitisha kidole kwenye mistari hadi akafika jina lake.

"Hii ni yangu. Lakini hapa juu palikuwa peupe."

"Ni mimi niliandika," nikasema. Aibu ilinishika hadi nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Akanirudishia faili. "Basi ni wewe utanionyesha vile inafutwa."

Hapa sikilizeni vizuri. Barua inayoanza "Mheshimiwa mpendwa, tunaomba utusaidie" huingia faili ya misaada, pamoja na zile za jezi na mipira, na huko ndiko hufia. Usimwandikie yeye. Andika ombi rasmi kwa bunge lenyewe, kupitia kwa Karani wa Bunge. Sema jambo ni lipi, umeshaenda wapi na ukajibiwa nini, na unataka bunge lifanye nini hasa. Kichwa cha ombi kiandikwe juu ya kila karatasi ya sahihi kabla mtu wa kwanza hajashika kalamu. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo nyumbani. Ombi likishasajiliwa hivyo husomwa bungeni, hukabidhiwa kamati, na kamati haiwezi kujifanya haikuliona. Mama Wairimu alizunguka boma kwa boma na zile karatasi ndani ya pakiti ya unga zisilowe, akimsomea kila mtu kichwa kwa sauti kabla ya kumpa kalamu. Alichukua muda, lakini hakuruka hata nyumba moja.

Kamati ilikuja kusikiliza watu katika ukumbi mmoja Gilgil. Mwenyekiti wake alikuwa mtu wa kuangalia saa. Mzee wa kwanza akaonyeshwa sahihi yake, akasema, "Ni yangu. Niliweka kuonyesha nimekuja." Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu akaongeza kwamba hata ule mkate ulikuwa wa juzi, watu wakacheka. Alipoinuka wa tano, Mwenyekiti akainua mkono.

"Sawa, tumeelewa. Mmoja anatosha kuwasemea wengine."

Mama Wairimu akasimama. "Hapana, Mwenyekiti. Sahihi zetu mlizihesabu moja moja. Na sisi mtatusikia mmoja mmoja."

Loo! Vigelegele vilivyopigwa humo ndani! Wakasikizwa wote, chakula cha mchana cha waheshimiwa kikapoa. Ndipo Mwenyekiti akauliza ni nani aliyeandika kile kichwa. Msimamizi alikuwa ameketi kando yangu, akaanza kuchunguza dari. Kustaafu kwangu kulikuwa kumekaribia, na nilijua karani anaweza kufukuzwa kwa jambo dogo kuliko hilo.

Nikasimama. "Ni mimi," nikasema, "niliagizwa, nikatii. Na siku ile nilikuwepo. Hawa watu walikataa wote."

Msiniite shujaa tafadhali. Nilisimama kwa sababu Njambi alikuwa safu ya mbele akinitazama, na hakuwa hata amekasirika. Angekuwa amekasirika pengine ningejikaza nikakaa.

Mradi ulirudishwa kwa wenyewe. Msimamizi akahamishwa, mimi nikapewa barua ya onyo, nikastaafu nayo, na sioni haya kuwaambia iko kwenye faili yangu. Siku hizi watu wananijia nyumbani na fomu zao niwasomee. Nawaambia jambo lile lile: wakubwa hawana nguvu mnayofikiri, wana karatasi zenu tu. Ukijua karatasi yako inakwenda wapi, umewashika.

Chumba kilipokamilika, Mheshimiwa alitaka kifungwe hadi atakapopata nafasi ya kuja kukata utepe. Muuguzi wa pale, mwanamke mfupi asiyetaka mchezo, alifungua akaanza kazi. Mheshimiwa alipata nafasi karibu mwaka mzima baadaye, kwa hivyo siku ya sherehe vitanda vilikuwa vimeshazoea watu. Nilikuwepo, mwananchi wa kawaida kwenye kiti cha plastiki. Nilimtafuta Mama Wairimu kwa macho sikumwona, nikashangaa. Hema lilijaa. Mheshimiwa akasimama, akakohoa, akaanza, "Watu wangu, leo nimewaletea..."

Mlango wa dispensari ukafunguka, muuguzi akatokeza na glavu mikononi.

"Zimeni hiyo spika," akasema. "Njambi anajifungua."

Mtu wa mitambo hakungoja ruhusa ya yeyote, akachomoa waya. Mheshimiwa alitazama huku na huku, kisha akavuta kiti akaketi katikati yetu. Tukakaa hivyo, kijiji kizima pamoja na mwakilishi wetu, hadi tukasikia mtoto akilia.