Kitanda Kwenye Kona ya Ngazi

Nyumba ya bibi ilikuwa ya Kiswahili, kama zilivyokuwa zote Kariakoo kabla ya maghorofa: baraza ya saruji mbele, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na katikati ukumbi ulionyooka kutoka mlangoni mpaka uani. Ukikaa barazani unaona nguo kwenye kamba ya uani. Utotoni niliamini ukumbi ulipewa upana ule kwa ajili ya upepo. Bibi ndiye aliyeniambia, siku moja akichambua mchele, kwamba upana ni wa jeneza: wanaume wapite nalo mabegani, huku na huku, pasiwe na bega linalokwaruza ukuta. Babu alitoka hivyo. Mama yangu pia. Aliyasema hayo kwa sauti ileile ya kusema mchele una mawe.

Baadaye maghorofa yalituzunguka pande tatu. Jua lilifika uani saa sita, likasimama kidogo, likaenda zake. Nguo zilikaa kambani mpaka zikanuka. Baraza ilijaa wauza soksi na mitandio, na bibi aliomba njia ya kutoka nyumbani kwake mwenyewe. Ndipo mjomba, mtoto wake pekee aliyebaki, alipokuja na habari ya mjenzi: nyumba ivunjwe, lipande ghorofa, chini fremu za maduka, juu fleti, na fleti mbili ziwe zetu, moja ya bibi na moja ya mjomba. Ndugu wote walikubali. Lakini kiwanja kilikuwa cha bibi, na bila neno lake hakuna tofali ambalo lingeguswa.

Bibi hakukataa. Aliuliza swali moja.

"Jeneza litapita wapi?"

"Kwenye ngazi, mama," mjomba alisema. "Watu wote wa ghorofani wanapita kwenye ngazi."

"Wanapita wamesimama. Mimi sitakuwa nimesimama."

Mjenzi alikuwa na ghorofa jingine mtaa wa pili, na ngazi zake zilikuwa za ramani ileile. Tukakubaliana tukapime huko. Jeneza lenyewe hatukuthubutu kuliazima msikitini. Kulitoa pasipo maiti ni kuuita msiba nyumbani. Mjomba akataja kitanda cha kamba kilichokuwa uani, urefu wake karibu uleule. Bibi akasema kitanda kitupu hakipimi kitu, hakina cha kuanguka. Basi mjomba, kwa hasira ya mtu aliyekwisha kushinda moyoni, akavua viatu, akapanda, akalala.

Binamu zangu wanne wakambeba kukatiza mtaa. Kariakoo haijawahi kukosa neno.

"Oya, mnapeleka mgonjwa au mnahamisha fenicha?"

"Maiti ina simu mkononi!"

"Mzee baba, ukifika huko wasalimie, waambie Bongo bado joto!"

Mjomba aliwajibu akiwa chali, akawaambia wauze soksi zao. Bibi alifuata nyuma na mkongojo wake, mkono mwingine nimemshika mimi. Hakucheka.

Ngazi za mwanzo zilipandika vizuri. Kwenye kona, pale ngazi zinapogeuka, kichwa cha kitanda kiligonga ukuta na upande wa miguuni ulikuwa bado chini. Wakarudi nyuma, wakajaribu kwa upande, wakagonga tena. Mbeba mizigo aliyekuwa akishuka na robota la vitenge alisimama akingoja njia, kisha akasema neno ambalo sote tulikuwa tunalikwepa: "Kisimamisheni."

Wakakisimamisha. Mjomba akaanza kuteleza, simu ikadondoka ngazini, naye akadaka chuma cha ngazi kwa mikono miwili.

"Nishusheni! Nishusheni nyie!"

Tukacheka wote, hata mbeba mizigo na robota lake. Bibi akangoja kicheko kiishe.

"Wewe mzima umeshika chuma," alimwambia mwanawe. "Mimi nitashika nini?"

Mjomba alikaa kwenye ngazi, soksi zake zimejaa vumbi, akaitazama ile kona. Kesho yake alikwenda kwa mjenzi. Mjenzi akasema kupanua ngazi ni kula nafasi ya vyumba, na vyumba vya nani? Mjomba akasema vya fleti yake. Alirudi akamweleza mama yake kwa maneno machache, akiangalia pembeni, na bibi akatoa ruhusa jioni ileile, kabla chai haijapoa.

Ghorofa likapanda. Wapangaji wageni wakiona upana wa ngazi bado huuliza kama tulitaka kupitisha gari. Bibi aliweka kiti chake kwenye kona ya ghorofa ya tatu, mbele ya mlango wake, na kona ikageuka kuwa baraza. Wanawake walisukana pale. Wabeba mizigo waliokuwa wakipeleka bidhaa stoo za juu walisimama kupumua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Tua mzigo, baba, shingo haiazimwi."

Alifariki asubuhi moja, karibu na Ramadhani. Jeneza lilipandishwa mchana. Sisi wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo nilibaki konani, mgongo wangu ukutani, karibu na kiti chake. Walipotoka naye mlangoni mjomba alikuwa mbele, upande wa kushoto. Kwenye ngazi, wa mbele waliliinua kwa mikono juu ya vichwa, wa nyuma wakalishusha mpaka kiunoni, ili likae sawa. Kwenye kila kona lilirudi mabegani, likageuka taratibu, limelala. Chuma cha ngazi kilikuwa karibu na mkono wa mjomba, hakukigusa.

Sauti zao zilishuka, zikafifia. Kisha nikasikia, kule chini, wauza soksi wakiburuta meza zao, wakipisha.