Fungu la Pofu Lililofukiwa Chini ya Migomba

Mume wangu alipomwangusha pofu porini bila kibali cha boma, nilimwambia wazi kwamba nyama ile itatutokea puani. Wajerumani walikuwa wameshaanza kudai kibali cha kuwinda, na jirani yetu mmoja alichapwa viboko kwa ajili ya swala tu. Mkewe alipozidiwa na kilio, mimi ndiye niliyemkanda yule jirani mgongo kwa maji ya chumvi. Sikutaka kuja kumkanda mume wangu pia.

Lakini mume wangu alikuwa mtu wa watu. Alimchinja mnyama angali anahema, akasoma bismillahi, kisha akawaalika rafiki zake wawili waje kula mchana. Mmoja alikuwa seremala, mtu wa Pangani kama sisi. Wa pili alikuwa Mwarusha aliyetuonyesha pa kulima tulipofika huku kwao, akatupa na machipukizi ya migomba. Nyama nyingi za porini Waarusha hawazigusi, ila pofu wanamhesabu sawa na ng'ombe, na huyu aliahidi kuja.

Nilipika kwa hasira. Nilifunga mlango, nikaziba dirisha kwa gunia ili harufu isifike njiani, na moshi ukanitoa machozi. Hata hivyo nyama iliiva vizuri, na ndizi zikalainika katika mafuta yake.

Seremala alikula bila kuinua kichwa. Mwarusha alikaa tu, mikono magotini. Akasema asubuhi amekunywa maziwa, na kwao maziwa na nyama haviingii tumboni siku moja. Aliomba fungu lake liwekwe, atakuja kulila kesho.

Tulikuwa na miezi michache tu pale, na sikuwa nimesikia maziwa yakimzuia mtu kula nyama. Nilichokiona ni mtu asiyetaka kula pamoja nasi, lakini anataka nyama ilale ndani mwetu. Kesho angekuja na nani? Alipoondoka nilisema anakwenda boma kutushtaki. Mume wangu alibisha. Seremala alifikiri kidogo, akanawa mikono, akasema mimi nina haki ya kuogopa. Kabla jua halijazama tulishafukia nyama yote, mifupa na ngozi, chini ya migomba, nikamwaga majivu juu. Mume wangu alichimba akinipa mgongo.

Asubuhi Mwarusha akaja peke yake. Alikuwa amenawa mtoni, mikono bado inadondosha maji.

"Shemeji," akasema, "leo sijaonja maziwa. Nimewaambia nyumbani wasinipe. Nimekuja kula."

Nilichungulia njia nyuma yake. Hapakuwa na askari. Nikajiambia wamejificha.

"Nyama gani?" nikamwuliza.

Alinitazama, kisha akamtazama mume wangu aliyesimama nyuma yangu. Mume wangu akainama, akajifanya anatafuta kitu chini. Mwarusha alijifuta mikono kwenye shuka lake, akaondoka bila kuaga.

Askari hawakuja siku ile, wala baadaye. Wanangu husema nilimkosea yule Mwarusha, nami huwajibu kwamba mgongo wa baba yao ulibaki mzima. Ila mpaka namzika, baba yao hakumwalika tena mtu yeyote kula nyumbani kwangu.