Shemeji na Jogoo wa Tatu

Enzi zile za Mwingereza, kila mtu Tabora alikuwa na sababu yake ya kueleza kwa nini kuku wetu ni wadogo. Bwana Shamba alisema ni damu duni. Jirani zangu wa Itetemia walisema ni mwewe, wengine wakasema ni ugonjwa wa kideri, na mmoja aliyekuwa na kuku wadogo kuliko wote alisema ni husuda. Porojo tupu. Kuku wetu walikuwa wadogo kwa sababu wakubwa tuliwala.

Hebu fikiri. Mgeni wa heshima amebisha hodi. Mwenye nyumba anatupa jicho uani. Atamkamata yupi? Yule mwenye kifua kama ngoma na miguu kama nguzo za simu, maana akichinja kinyangarika ataitwa mchoyo mpaka vitukuu vyake viitwe vitukuu vya mchoyo. Basi jogoo bora anakwenda chunguni hajaijua dunia vizuri, na anayebaki kupanda mitetea ni kile kijogoo kilichopinda mgongo, ambacho hata mwewe akikinyakua hukirudisha kwa aibu. Hicho ndicho kinakuwa baba wa ukoo. Tangu babu zetu walipokuwa wakibeba pembe kwenda pwani, sisi tumekuwa tukila wafalme na kutawaza mafukara, halafu tunashangaa ufalme umepungua uzito.

Sikuligundua hili kwa akili yangu, nisiseme uongo hapa maana utakuja mwingine mbele. Nilikuwa karani wa kupima mizigo stesheni, mtu mzima mwenye ndevu na watoto wawili, nikisoma shule ya jioni. Mwalimu wetu, mwembamba kama ufito, aliandika ubaoni kwamba mkulima mwerevu huweka mbegu bora akala hafifu. Tulikuwa watu arobaini darasani. Wote arobaini tulinakili kwa mwandiko safi. Thelathini na tisa walirudi nyumbani wakaendelea kula mbegu. Nilihitimu shule ile wa kwanza, ingawa ni kweli kwamba siku ya kuhitimu tulikuwa tumebaki wawili.

Nikaamua kumtengeneza kuku wangu mwenyewe, wa nyama na mayai kwa pamoja. Bwana Shamba alikuwa akigawa majogoo wekundu wa Ulaya, na niliwaona: saa tatu asubuhi wamekwisha lala kivulini wakihema kama wazee waliopanda mlima kufuata pensheni. Nikasema hapana. Mjini kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa Kiarabu, muuza nguo na tende, ambaye wazee wake walikuja na misafara na kuku wao: kuchi, wale warefu wa kupigana, wanaotazama watu usoni. Nyama ya kuchi inalisha harusi. Ila koo la kuchi, yaani jike lake, ni jivivu lisilo kifani. Linataga mayai saba kisha linapumzika kama vile limejenga reli. Mke wangu kwa upande wake alikuwa na koo la kishingo, lile lenye shingo isiyo na unyoya hata mmoja. Sura yake ilikuwa ya kumtisha mdaiwa, lakini alitaga kama anayemwaga karanga, na akiatamia hata mvua ya mawe haimwondoi.

Nilimwomba yule mfanyabiashara anipe jogoo mmoja.

"Bwana karani," akaniuliza, "unataka kumpiganisha na nani?"

"Simpiganishi, mzee. Namwoza."

"Unamwoza nani?"

"Kishingo."

Alinitazama kama mtu aliyemposea punda bintiye. "Lahaula," akasema. "Basi usimwambie mtu ametoka kwangu."

Mwaka wa kwanza nilipata jogoo mmoja chotara, mkubwa, mwenye shingo nusu uchi. Mwaka wa pili nikapata mwingine, mkubwa zaidi. Sasa mwingizeni shemeji yangu.

Alikuwa kaka mkubwa wa mke wangu, mkazi wa Kigwa, na treni ilimfikisha kwangu bila jasho. Sijui nani alimpelekea habari. Naamini ilikuwa pua yake. Kuku wangu akiwa kifaranga, shemeji alikuwa mgonjwa, ana kazi shambani, dada hamkumbuki kabisa. Siku jogoo anapoanza kuwika kwa sauti ya kiume, hodi! Shemeji amesimama mlangoni na zawadi yake ya siku zote: matobolwa matatu makavu ya viazi, yamefungwa kwenye kitambaa kikubwa kama shuka ili yaonekane mengi. Jogoo wa kwanza alimla. Jogoo wa pili alimla. Firigisi aliipokea akitazama pembeni, kama padri anayepokea sadaka, na mifupa aliiacha myeupe hivi kwamba siafu walipita bila kusimama. Kaka wa mke ni kaka wa mke. Ningefanya nini?

Mwaka wa tatu kuchi wangu alikufa kwa kideri, na yule mfanyabiashara hakutaka tena kusikia habari za ndoa zangu. Nikabaki na jogoo mmoja tu mwenye damu ile. Huyo wa tatu, nasema kweli, akiwika Itetemia watu wa Isikizya kule mbali walikuwa wakiamka na kusali. Kifua kipana, miguu ya njano, shingo wazi nyekundu kama ya askari aliyeshinda juani. Mitetea mizuri minne ilikuwa inakaribia kutaga. Nilihitaji msimu mmoja tu, jogoo huyu awe hai, apande, mayai yaatamiwe. Akiingia chunguni, miaka yangu mitatu inaingia naye pamoja na chumvi.

"Hodi humu!"

"Karibu, shemeji. Shikamoo."

"Marahaba. Hamjambo? Watoto wazima? Na yule?" Alimwonyesha kwa kidevu, hata hajakaa.

"Yule nani?"

"Yule mwenye kifua cha diwani."

Hapo ndipo mimi, Mkatoliki niliyebatizwa na kupakwa mafuta, nilipofungua mdomo na kusikia maneno yakitoka. "Shemeji, huyo simgusi. Ni wa mizimu. Nimemweka kwa ajili ya kumtambikia babu."

Jikoni mke wangu alikohoa kama aliyemeza mwiko.

"Babu yupi?"

"Yule mpagazi wa pembe."

"Aa, wapagazi," akasema shemeji kwa masikitiko. "Hao hawakupata kushiba." Kisha akavua viatu, akavipanga ukutani. "Basi nitangoja tambiko. Kuku wa mizimu huliwa na waliopo, na mimi nipo."

Alikaa siku tisa. Nimepata kupangisha watu wa kodi waliokaa muda mfupi zaidi. Alikula ugali kwa mlenda, kwa kisamvu, kwa maharage, akilalamika kwamba mboga za mjini hazina nguvu, huku akiomba sahani irudi. Hakuwahi kumnunulia mwanawe hata kamba ya kiatu, lakini jogoo wangu alimchimbia mchwa kila alfajiri kwa mikono yake miwili, akamlisha mmoja mmoja huku akimpapasa kidari. Nilikuwa nikitoka kwenda kazini nawaona wamechuchumaa pamoja.

"Lini, shemeji?" aliniuliza kila nikirudi.

"Mwezi haujaandama."

"Umeandama jana, nimeuona."

"Ule sio wenyewe."

Jumapili nikaenda kuungama. Nikasema nimetangaza kuku wa mizimu. Padri akashtuka nyuma ya kile kidirisha. "Umetambika?"

"Hapana, Baba. Nimedanganya tu."

"Afadhali," akasema, na kwa sauti yake nadhani na yeye alikuwa na shemeji mahali.

Jioni ya siku ya tisa shemeji alikuwa amekwenda kwa jirani kusimulia jinsi tambiko letu litakavyokuwa kubwa. Mke wangu aliniwekea chakula, akakaa mbele yangu, akanitazama kama anavyomtazama mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni.

"Kwa hiyo baba watoto, umeshindwa na mtu ambaye hajawahi kumchinjia mama yake kifaranga."

"Kifaranga?"

"Hata yai! Tulikwenda kwake Kigwa na mama, tukakaa siku tatu. Uani majogoo wanne, wanagongana. Tumekula mlenda asubuhi, mlenda jioni. Kila ukimtazama jogoo, kaka anasema, 'Yule bado anakua.' Mmoja mpaka leo yupo, amepofuka macho yote mawili kwa uzee. Wanamwongoza."

Tonge lilibaki hewani mkononi mwangu. Miaka mitatu nilikuwa nimemchukia mtu huyu kwa ulafi wake, na kumbe nilikuwa nimemdharau nusu tu. Ulafi wake ulikuwa wa vyungu vya watu. Kwake mwenyewe alikuwa bahili wa kupigiwa mfano, na kwa bahili kuku hachinjwi.

Asubuhi nilimkuta uani na mchwa wake.

"Shemeji," nikasema, "babu amenijia ndotoni. Amekataa tambiko. Amesema jogoo huyu apewe wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Ni wako, mali yako. Ukitaka mchinje hapa hapa, kisu hiki."

Nilimtazama vizuri, maana sitegemei kuona tena kitu kama kile. Mkono ulikuwa kwenye kidari cha jogoo, ule ule uliokuwa ukipima nyama kwa siku tisa. Ukasimama. Kisha ukaanza kupapasa upya, taratibu, na sasa ulikuwa unapima mali. Akamgeuza jogoo, akamtazama makucha, akampulizia vumbi mgongoni.

"Kumchinja leo?" akasema. "Shemeji, una haraka gani? Huyu bado anakua."

Mke wangu aliingia ndani akacheka kwenye mto.

Shemeji aliondoka kwa treni ya siku ile ile, kwa mara ya kwanza katika historia yetu bila kungoja chakula cha mchana, tenga limekaa pajani na yeye amelikumbatia kama mwari. Jirani zangu walinicheka wiki nzima. Karani mzima, msomi wa shule ya jioni, amenyang'anywa jogoo mchana kweupe! Niliwaacha wacheke. Walicheka huku wakichinja mbegu zao.

Mitetea yangu ilipoanza kutaga niliitia tengani, miwili miwili, nikaipeleka Kigwa kumsalimia jogoo. Shemeji aliipokea kwa furaha, kwa kuwa kila yai lililotagwa uani kwake alilihesabu lake, na hakunibakizia hata ganda. Lakini mitetea ilirudi na mbegu tumboni, na humo mkono wake haukufika. Nikairudisha nyumbani, ikataga, koo la kishingo likaatamia. Miaka michache baadaye Itetemia nzima ilikuwa na kuku wenye shingo nusu uchi, wanaotaga vizuri na wanaojaza chungu, na jirani zangu walikuwa wakiwaeleza wageni kwamba ni kuku wa asili ya pale pale. Wezi wa sifa, wote.

Nilikwenda Kigwa mara moja kama mgeni wa heshima, siku binti wa shemeji alipochumbiwa. Jogoo wangu alikuwa bado hai, mzito kama mbuzi, akitembea uani polepole kama mwenye mji, na nyuma yake yule kipofu akifuata sauti ya hatua zake. Mke wa shemeji alitandika mkeka, akaleta maji ya kunawa, akafunua bakuli. Mlenda.

Shemeji aliona macho yangu yakielekea uani. Akainama karibu, kwa huzuni ya mtu mwenye dini.

"Shemeji, ningekuchinjia. Lakini wewe mwenyewe unajua, yule ni wa mizimu."

"Hata mimi nisingemgusa," nikamjibu, na nikamwomba mkewe aniongeze mlenda.