Bunduki Iliyolala Bila Mafuta

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka mpaka leo na moyo hunidunda, hata kama nimekaa tu kwenye kigoda namenya viazi. Jana uliponionyesha ile picha kwenye simu yako, umesimama wima na bunduki uliyokabidhiwa kazini, inang'aa kama kijiko cha arusini, nilicheka peke yangu. Nikasema, huyu ni mimi kabisa. Nilipoanza kazi ya uaskari wa wanyamapori hapa Mafinga, yangu nayo iling'aa hivyo hivyo. Sogea karibu na jiko, ukungu wa leo hauna huruma, nikusimulie habari ya mtutu, mafuta, na kiboko wa Madibira.

Kwanza uelewe tulivyokuwa tukiishi. Hapa kwetu ukungu huingia nyumbani bila kubisha hodi, na msumari ukiusahau nje unaukuta umeshaota kutu. Kwa hiyo sisi askari wa huku juu tulikuwa na desturi yetu. Kila jioni, umepiga risasi au hujapiga, unamimina mafuta ndani ya mtutu mpaka yachuruzike, kisha unaifuta bunduki kwa nje hadi uone uso wako. Ndivyo tulivyofundishana, mkubwa kwa mdogo, na kutu hatukuiona. Mimi nilikuwa hodari wa kung'arisha kuliko wote. Siku ya ukaguzi nilisifiwa mbele ya wenzangu, nami nikavimba kichwa kidogo, si unajua ujana.

Basi ukaja ujumbe kutoka Madibira. Kiboko dume alikuwa ametoka mtoni, akaufuata mfereji, akaweka makazi palepale penye lango la kugawia maji mashamba. Mzee Sauli, mlinzi wa lango lile, alikwenda kulifungua asubuhi moja akakimbizwa, akaanguka, akavunjika mguu. Watu walipiga madebe, wakawasha mioto, kiboko akawatazama tu kama mwenye nyumba anayewatazama watoto wa jirani. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kulisogelea lango, na mpunga ulikuwa unaanza kuchanua. Wewe ni mtoto wa mahindi na viazi, labda hujui: mpunga ukikosa maji wakati wa kuchanua, suke linasimama vizuri, linapendeza, lakini ndani ni mapepe matupu. Jasho la msimu mzima linaishia kuwa chakula cha upepo.

Kibali cha kumuua kikatolewa, tukashuka watatu. Alikuwepo dereva wetu Juma, mtu wa Iringa mjini, mdomo wake haukujua kufungwa. Alikuwepo kiongozi wetu, Afande Mwambene, Mnyakyusa wa Tukuyu, mpole wa sauti. Jicho lake la kulia lilikuwa limeanza kufanya utando, kwa hiyo alikwishasema mapema kwamba mpigaji nitakuwa mimi, yeye atakaa ubavuni kwangu. Tulipoiacha misonobari ya Sao Hill nyuma yetu, ukungu ukabaki juu, tambarare ikatupokea kwa joto na vumbi. Vumbi lile, mwanangu! Lilikaa kwenye nyusi, kwenye meno, hata kwenye mkate tuliofungasha. Nami nilikuwa nimeipakata bunduki yangu, mtutu wazi, mafuta yakichungulia.

Mzee Sauli alitupokea mguu wake ukiwa juu ya kigoda.

"Kamwene, wanangu. Mmekuja kupiga kiboko au mmekuja kupiga picha?"

"Kupiga kiboko, baba," nikajibu.

Mkewe akanitazama juu mpaka chini, si kwa dharau, ila kwa hofu. "Mwanangu, ukimkosa, sawa. Lakini ukimjeruhi ukatuachia hapa ana kidonda na hasira, ni bora msingekuja."

Maneno yale yaliniingia. Afande alikuwa na sheria yake: hakuna kumlenga mnyama kabla hujalenga karatasi. Tukaenda mbali na nyumba, mahali penye kichuguu kikubwa na nyuma yake hapana njia wala shamba, tukabandika kipande cha boksi. Nikalala chini, nikaegemeza bunduki juu ya begi, nikabana pumzi, nikapiga. Juu. Nikapiga tena. Kushoto. Nikapiga tena, ikakwangua pembe ya chini ya boksi.

"Dada Tumaini," Juma akasema, "hapo kiboko angekuuliza, 'Samahani, unamtafuta nani?'"

Nilitamani ardhi inimeze. "Afande, kilengeo kimepinda njiani. Naomba bisibisi nikinyooshe."

Afande akanishika mkono taratibu. "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Kilengeo kikipinda, risasi zote zinapotelea upande mmoja. Zako zimetawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Macho ya bunduki yako ni mazima, binti. Koo ndilo linaumwa."

"Koo? Afande, nimeisafisha jana! Tazama inavyong'aa!"

"Inang'aa kwa ajili ya mkaguzi. Risasi haipiti nje."

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Akahakikisha hamna risasi ndani, akataka na mimi nihakikishe kwa macho na kidole changu. Kisha akaifungua sehemu ya nyuma, akaviringisha kitambaa kwenye ufito, akausukuma kutoka nyuma kwenda mbele. Nami, kwa mazoea ya Mafinga, nilikuwa nauingiza kwa mbele. Akaniambia mdomo wa mtutu ndio mahali pa mwisho risasi inapoguswa kabla ya kwenda zake. Ukiukwangua mdomo huo, umeipiga risasi kikumbo mlangoni ikiwa tayari inatoka.

Kitambaa kikatoka cheusi, kizito kama uji ulioungua. Nikakisugua kwa vidole, kikakwaruza. Vumbi la Madibira lilikuwa limekorogwa na mafuta ya Mafinga. Akapitisha dawa na brashi, akasubiri bila haraka huku akitafuna muwa, akapitisha kitambaa kingine. Hicho kikatoka na rangi ya kijani kama ya senti ya zamani iliyookotwa udongoni.

"Hiyo ni shaba ya risasi ulizopiga miezi na miezi," akasema. "Kila risasi inaacha ngozi yake kidogo na masizi yake. Wewe unamwaga mafuta juu yake. Umetandika mkeka mzuri kwenye sakafu isiyofagiwa."

Akaelekeza mtutu mtupu kwenye mwanga, akaniambia nichungulie. Mwanangu, sikuwahi kutazama hivyo! Ndani mna mifereji midogo inayojipinda, inazunguka mpaka mwisho. Risasi ikipita, mifereji hiyo huishika na kuizungusha, na ule mzunguko ndio unaoifanya inyooke hewani, kama pia ya watoto inavyosimama wima maadamu inazunguka. Mifereji ikijaa masizi na shaba, risasi hii inashikwa hivi, ile inashikwa vile, na kila moja inatoka na akili yake. Mkono wa mpigaji ni uleule, jicho ni lilelile, lakini risasi hazipatani.

Tulisafisha mpaka kitambaa kikatoka kama kilivyoingia. Nikalala tena chini, furaha imenijaa, nikapiga. Juu!

Nikamgeukia Afande, machozi karibu. Naye anatabasamu.

"Piga tena. Usiguse kitu. Lenga vilevile."

Nikapiga. Katikati. Nikapiga tena, ikaingia pembeni ya tundu hilo. Nikapiga tena, matundu mawili yakaungana! Yote yaliyofuata ungeyafunika kwa kikombe cha chai. Niliruka juu, kofia ikaenda kule, nikalikimbilia lile boksi nikalikumbatia kama mtoto aliyepotea.

"Wahehe bwana!" Juma akapiga kelele. "Hapo hata pombe ya ulanzi hajaonja!"

"Lakini Afande, ile ya kwanza?" nikauliza.

Aliturudisha kwa Mzee Sauli. "Mzee, mkishafukua mfereji, maji ya kwanza mnayapeleka wapi?"

"Maji ya kwanza?" Mzee Sauli akacheka. "Hayo hayaingii kwenye mpunga wangu, afande. Yanakuja na majani, mchanga na vyura wake. Nayaacha yapite yaoshe njia. Shamba linakunywa yanayofuata."

Afande akanigeukia. "Umesikia? Mtutu ukitoka kusafishwa, dawa na mafuta hubaki kidogo. Risasi ya kwanza inateleza juu yake, haiendi njia ya wenzake. Hiyo ni ya kuosha mfereji. Sasa niambie, kesho kiboko atakupa risasi ngapi?"

Jibu nililijua. Moja.

Jioni ile manyunyu yakaanza, na mkono wangu, bila kuniuliza, ukalifuata kopo la mafuta. Afande akalichukua, akalitia mfukoni mwa koti lake. "Leo bunduki yako italala kavu. Hapa si Mafinga." Nilifunika mdomo wa mtutu, nikaizungushia bunduki khanga yangu nzuri, nikailaza mahali pakavu karibu nami. Juma akauliza kama ipewe na uji pia.

Alfajiri tukanyata kando ya mfereji. Afande alikuwa ubavuni kwangu na bunduki yake tayari, watu wote wamewekwa mbali. Kiboko alikuwa juu ya ukingo, karibu na lango, ametulia, mkubwa kama trekta lililofunikwa turubai. Ukasikika mlio mdogo wa tope, akakigeuza kichwa kutuelekea. Wakati ule, mwanangu, sikuwaza kingine ila kwamba njia ndani ya mtutu ni safi, na maji yake ya kwanza yamekwisha kupita. Mkono ukatulia. Nikalenga, nikapiga.

Aliketi palepale alipokuwa, kama mzigo ulioshushwa. Afande akangoja kitambo kirefu, bunduki yake imeelekezwa kwa kiboko, ndipo akasema, "Basi. Hakupata hata muda wa kujua."

Vigelegele vilitoka upande wa mashamba kabla hatujaita mtu. Wanawake walikuja mbio wakiwa na majembe, vijana wakalivaa lango kwa mikono, likapiga kelele ya kutu, likainuka. Maji yakaja! Yalikuja meusi, yamebeba majani na povu, na kila mtu akataka kuyakatia upande wa shamba lake, kiu ilikuwa imewazidi. Nyuma yetu pikipiki ikafika, imembeba Mzee Sauli, mguu umenyooshwa kama mpini, anapunga fimbo na kupaza sauti:

"Acheni yapite! Acheni hayo yapite!"

Wakaacha. Tukasimama pale wote, mikono viunoni, tukiyatazama maji machafu yakienda zake. Taratibu yakaanza kubadilika rangi, yakawa ya maziwa, kisha yakawa meupe mpaka unaona changarawe chini. Ndipo Mzee Sauli akashusha fimbo, na maji yakageuzwa kwenye mpunga. Mkewe akanishika mkono, akautikisa tu, akautikisa tena.

Mwanangu, haya ndiyo ninayokuachia. Bunduki yako isafishe ndani kabla ya nje, ukiwa umehakikisha ni tupu, na uanzie nyuma kwenda mbele. Huku kwetu kwenye ukungu ukiihifadhi, ipake mafuta, lakini membamba, na kabla ya kazi upitishe kitambaa kikavu, maana mtutu uliojaa mafuta unaweza kukupasukia usoni. Ukishuka kwenye vumbi, sahau mazoea ya mlimani. Kila nchi na udongo wake. Na usibebe bunduki kwenda mahali penye uhai wa watu kabla hujajua risasi zake zinatua wapi.

Na wewe mwenyewe, ukitoka kujisafisha, umeacha tabia au umejifunza kazi upya, usishangae siku ya kwanza mambo yakienda juu. Usikimbilie bisibisi. Lenga vilevile, piga tena. Wengi wamekata tamaa wakiwa wamebakiza kidogo tu maji yao yawe meupe.

Mungu akupe jicho linaloona na mkono usiotetemeka. Akupe wakubwa watakaokunyang'anya kopo la mafuta kwa upendo, na akupe sikio la kuwasikia. Bunduki yako ipumzike zaidi kuliko inavyolia, na siku itakapobidi ilie, iseme mara moja, iseme kweli. Nenda salama, mwanangu. Njia yako iwe safi.