Kambale wa Nambambo amekula plastiki

Leo kambale wa Nambambo amekula plastiki, na mimi ndiye niliyemlisha!

Wakwe zangu walikuwa wanakuja kutoka Ruangwa kula chakula cha mchana, nami nilishawaahidi samaki. Kiangazi hiki udongo umekauka. Nimechimba mpaka jasho likanitoka, mnyoo wa chambo hata mmoja sikupata.

Nikachukua ile minyoo laini ya plastiki aliyoniletea binti yangu.

Pale bwawani Nambambo jirani yangu, Mzee Saidi, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mwalimu, samaki wa hapa hawajasoma. Plastiki hawaijui!"

Nikarusha, nikavuta harakaharaka kama binti alivyonielekeza. Saa nzima, patupu.

"Wakwe watakula mchicha leo," akasema.

Hapo nikamkumbuka marehemu mama. Yeye aliuacha mnyoo ulale kwenye tope, akausogeza upana wa kidole, kisha akatulia. (Kambale hutafuta chakula chini kabisa, tena hana haraka. Ndiyo maana.)

Nikafanya vivyo hivyo. Sogeza. Tulia. Sogeza.

Mshipi ukavutwa kwa nguvu! Kambale mrefu kama mkono wangu.

Mzee Saidi akainuka, akanisogelea. Kisha, kwa sauti ya chini: "Mwalimu, umebakiwa na mnyoo mwingine?"

Mezani mkwe mmoja ameniuliza nani alinifundisha kuvua. Nimemjibu ni mama yangu, aliyefariki bila kuiona plastiki hiyo.

Na ninyi wenzangu, mama zenu waliwafundisha nini ambacho mpaka leo kinafanya kazi?