Upande Usiotobolewa

Hili siwezi kulisimulia nikiwa nimekaa, kwa hiyo mnivumilie.

Dada yangu hutengeneza taa. Anachukua bati la shaba, analikunja, halafu analitoboa kwa nyundo na msumari, tundu moja moja, mpaka watu wakamwita Mama Matundu. Ana ukorofi wake: hatoboi taa kabla hajakaa chumbani kwako. Anakalia kila kiti, anapima mwanga utapita wapi na utamchoma nani machoni. Miaka yote mimi mdogo wake namtania, "Dada, unatengeneza taa au unachumbia?" Ananijibu, "Nyamaza ushike bati."

Basi akaja mwenye mkahawa mpya, mdomo asali. Anataka taa thelathini zilizotobolewa kwa mkono, ila kwanza aazimwe moja aione. Dada akashinda kule siku tatu, akamtengenezea ya meza ya pembeni, pale kuta mbili zinapokutana. Upande wa ukutani hakuutoboa hata tundu moja. Wa nini? Ukuta hausomi gazeti. Mwanga wote akauelekeza mezani.

Wiki zikapita, kimya. Kumbe bwana yule kaipeleka taa kiwandani, wakamtolea thelathini kwa mashine! Kazitundika ukumbi mzima, pamoja na ile ya Dada, na mlangoni kabandika kibao: TAA ZA MKONO, KAZI YA MAMA MATUNDU. Ebo!

Mwiga tembo hupasuka msamba. Mashine iliiga kila kitu, hata ule upande mtupu. Taa ya pembeni ikaning'inizwa katikati ya ukumbi usio na madirisha: meza hii watu wanafumba macho kwa mwanga, meza ya pili wanapapasa vijiko. Na lawama zikamwangukia nani? Dada! Mwalimu mkuu aliyekuwa ameagiza taa za maktaba akatuma ujumbe: samahani, ameiona kazi ya mkahawani, atatafuta fundi mwingine. Dada aliusoma mara mbili, akaweka nyundo chini. Miaka ishirini na miwili ya kujenga jina, halafu linapakwa matope na mtu asiyejua hata kushika koleo! Nililia kwa hasira, sioni haya kusema.

Na bado yule mtu, uso mkavu, akapiga simu: "Mama, taa zako zina kasoro. Njoo uzitoboe."

Tukaenda saa ya chakula cha mchana, ukumbi umejaa. Dada akapanda ngazi, akawa anaingiza mkono ndani ya taa moja baada ya nyingine. Za mashine zina makali ndani. Yake huipiga msasa mpaka mtoto anaweza kuishika. Ya kumi na moja ilikuwa laini, ndiyo yake; akaishusha, akaitundika pembeni, mahali pake.

Bibi aliyekuwa akila pale akainua kichwa. "Afadhali! Sasa naona ninachokula."

Dada akamgeukia mwenye mkahawa. "Taa ngapi humu ni kazi yangu?"

"Mama, tuzungumze ofisini..."

"Ngapi?"

Watu wote wameacha kula.

"Moja," akanong'ona.

"Hawajasikia."

"Moja!"

Dada akaivua taa yake, akanipa nibebe. Mlangoni nikamwambia turudi nizivunje zote thelathini, haki ya Mungu nilikuwa tayari.

"Uvunje za nini?" akasema, huku akikibandua kile kibao chenye jina lake. "Mwache ale nazo."