Mkate wa Daktari Pumba

Watu walimwita Daktari Pumba, tena usoni pake, naye akiitika bila kununa. Ndiye daktari wa kwanza pale mjini kusema hadharani kwamba mkate mweupe ni ngano iliyoporwa, na kwamba nusu ya foleni ya mlangoni kwake ingepungua kwa maharage, matunda na mkate wa unga usiokobolewa. Maneno hayo yaliwakera wengi, na zaidi kaka yake, maana kaka yake alikuwa mwoka mikate, na mikate yake ilikuwa myeupe pe.

"Mdogo wangu, unataka nifunge duka?"

"Nataka unisaidie, kaka."

Mganga mkuu wa hospitali, baada ya kusumbuliwa weee, alikubali wodi ya wazee ijaribu huo mkate. Choo chao kikiwa laini, hospitali nzima itaula. Kisipokuwa, daktari asimletee tena habari za pumba. Kaka akaguna, akapokea magunia ya unga usiokobolewa.

Mikate ikaja, ya kahawia, imeumuka vizuri mno. Wazee wakaisifia, wakaila, na tumbo likabaki lilelile. "Mwanangu," alisema fundi saa mstaafu aliyelala karibu na dirisha, "mkate mtamu, lakini huku chini kimya."

Mganga mkuu alianza kutabasamu kila akipishana na daktari. Daktari alikosa raha. Akajiuliza kama miaka yote ile alikuwa akiwadanganya watu, na chakula kikawa hakimshuki.

Asubuhi moja akapitia mlango wa nyuma wa duka. Akamkuta kaka yake ameunguza sukari kwenye kikaango, anaimimina kwenye kinyunya cha unga mweupe.

"Kaka! Unafanya nini?"

Kaka nusura adondoshe kikaango. "Ule unga wako hauumuki, mdogo wangu. Mkate unatoka bapa kama kandambili. Ningeupelekaje kazini kwako wakakucheka? Nikaona angalau rangi ifanane."

Hasira zilimpanda daktari. Kisha akamtazama kaka mtu, mvi zimejaa unga, mwiko mkononi, na moyo ukamlainika. Kusema ukweli kungemwaibisha huyu. Kunyamaza kungeua mkate wenyewe. Alikuwa bado hajafungua kinywa kaka alipovua aproni.

"Twende kwa mkubwa wako."

Ofisini, kaka ndiye aliyesema. "Mheshimiwa, wazee hawajala mkate wa pumba. Wamekula rangi. Kosa ni langu." Mganga mkuu akakohoa, akaruhusu waanze upya.

Safari hii mikate ilikwenda na ubapa wake. Wazee walilalamika, wakatafuna. Hazikupita siku nyingi, fundi saa akarudi kutoka msalani akishika ukuta, uso unang'aa.

"Daktari! Mambo yamefunguka!"

Wodi ikalipuka kwa makofi, na daktari akacheka huku akijifuta machozi. Mganga mkuu, aliyekuwa akipita, alisogea kwa mwoka mikate, aliyekuwa ameleta mikate ya siku hiyo, na kumnong'oneza:

"Kesho niletee na mimi mmoja."

"Upi, mheshimiwa?" kaka akauliza kwa sauti ya kusikika wodi nzima, wala hakuona haya. "Wa rangi au wa pumba?"